Kichwa Kipya cha Treni

Ndani ya basi, mshonaji aliwategea sikio bila haya wanaume wawili wasiojuana, walioketi mbele yake. Mwalimu mstaafu alikuwa amepakata boksi. "Nakusanya treni ndogo, nazitembeza nyumbani," alisema. "Hiki ni kichwa cha kumi na moja, ila kimezidi kimo. Hakipiti kwenye tundu nililotoboa ukutani. Itabidi nilipanue."

Jirani yake, fundi mwashi, akaguna. "Mzee wangu, ubomoe ukuta kwa ajili ya kidude? Kirudishe dukani, uchukue kifupi."

"Hakirudi."

Ubishi wa watu wazima huu, mshonaji akawaza, akawa upande wa fundi. Basi likasimama, mwalimu akainuka.

"Kakichagua mama mkwe, kwenye picha," alisema. "Tundu linatokea chumbani kwake, na yeye hainuki kitandani."