Programu Isiyo na Karatasi

Saa tatu asubuhi ya Jumatano, kompyuta ya Tukuswiga ilikataa kufungua kitabu cha nyimbo za kwaya. Muda uliolipiwa wa programu ya kuandikia ulikuwa umekwisha. Nyimbo tisini na nne, alizochapa miezi mitatu kwa vidole viwili, zilikuwa humo ndani, na mchapaji wa Vwawa alizitaka kesho yake. Tukuswiga akaibeba kompyuta hadi kijiwe cha kahawa cha Eliakim, kando ya foleni ya malori Tunduma. Aliwakuta Brayan fundi simu, Sili wakala wa forodha na Turubai dereva mstaafu.

— Hamia programu huru, dada, Brayan alisema. Itafungua faili lile lile.

— Huru? Sili aliweka kikombe chini. Imevukaje mpaka bila karatasi?

— Siyo huru ya ushuru, bwana!

— Basi sema ya bure.

— Bure ni bei. Huru ni wewe: unaitumia utakavyo, unamgawia mwenzio, na ndani yake pako wazi. Mjuzi yeyote anaikagua.

— Wazi! Turubai alishtuka. Lori la semi bila turubai? Kila mwizi ataona mzigo.

— Na kila mtu atamwona mwizi aliyejificha kwenye mzigo, Brayan alijibu.

— Mimi naamini kontena lenye sili, lakiri ya forodha mlangoni, alisema Sili.

— Langu lina sili, Tukuswiga alijibu. Ndiyo maana nyimbo zangu hazitoki.

Turubai akainama, sauti chini.

— Ikiwa wazi, Wazambia watazisoma nyimbo leo. Jumapili wanatuimbia kwa Kibemba.

— Halafu wanatuuzia kanda, Sili aliongeza.

— Kilicho wazi ni programu, siyo nyimbo! Brayan alipaza sauti.

Loisi, mwalimu wa kwaya, alifika akitafuta kitabu chake cha nyimbo. Alisikiliza akiwa amesimama.

— Hiyo yenye sili mnayoisifu, aliuliza, nani kati yenu anajua ndani mna nini?

Eliakim alitikisa birika. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Tukuswiga akamsogezea Brayan kompyuta.

— Weka.

Brayan aliishusha programu huru kutoka tovuti ya watengenezaji wake. Saa tano na robo faili lilifunguka. Tukuswiga alihesabu nyimbo mara mbili: tisini na nne.

Sili alidai karatasi za programu. Brayan akamfungulia leseni kwenye skrini. Sili aliisoma yote, kisha akauliza muhuri unagongwa wapi.