Tabibu Deodatha na kibao kilichoandikwa Daktari

Tabibu Deodatha Ainembabazi ametumikia miaka thelathini na sita, na tarehe 30 Juni 2025 anastaafu rasmi. Wenzake wa zahanati wameniomba mimi mama yake niandike wasifu huu, maana wao wamemjua juzi tu. Mimi nilimzaa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi mtanisamehe.

Alianza kazi mwaka 1989 akiwa Tabibu Msaidizi. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Nilimpelekea ndizi kituoni kwake Kamuli nikamkuta peke yake, anapima, anashona kidonda, anajaza daftari. Nikamuuliza, msaidizi wa nani? Akasema ni cheo tu. Baadaye akarudi chuo, akawa Tabibu kamili, na kijiji chetu chote cha Kibingo kikaanza kuniita Mama Daktari. Niliitika. Nani asingeitika?

Huyu mtoto amezalisha watu hadi kuna harusi aliyoalikwa akakuta bwana harusi na bibi harusi wote aliwapokea yeye. Na bado kila mwaka alihuisha leseni yake kwa Baraza linalosajili madaktari na matabibu, akihudhuria mafunzo kama mwanafunzi. Nilimwambia, si ulishafaulu? Akanijibu kwamba asingerudi darasani, leo angekuwa bado anatuandikia klorokwini, dawa ya malaria iliyoachwa zamani.

Mwezi wa tano nilitoa kahawa yote stoo, nikapiga chokaa. Fundi Leonidas akanichorea kibao: DAKTARI DEODATHA, ANATIBU HAPA. Majirani niliwaahidi mwenyewe kwamba akistaafu hawatatembea tena hadi zahanati. Deodatha alikuja Jumapili akakisoma.

“Mama, mimi ni tabibu. Daktari ni mwingine, na Baraza linatuandika tofauti. Tena stoo hii haijasajiliwa.”

“Si una leseni?”

“Leseni ni yangu. Nyumba nayo inataka ya kwake.”

“Nyumba ikasomee wapi?”

Alicheka, lakini kibao hakikutundikwa. Tukiwa bado tunabishana, akaingia Mzee Telesfori na mjukuu wake, mtoto wa kike, anachemka homa.

“Waitu,” alisema kwa heshima ya kwetu, “nimesikia daktari yupo.”

Nilimwangalia Deodatha, maana ahadi ilikuwa yangu. Alimgusa mtoto, akamfunua jicho, akaomba kanga yangu. Akambeba mgongoni akatoka naye, Telesfori nyuma yake, mwendo wa saa nzima hadi zahanati. Mimi nikabaki na aibu yangu mlangoni.

Kumbe damu ya mtoto ilikuwa imekwisha kabisa. Zahanati walimwanzishia dawa, wakaita gari, akapelekwa kituo cha afya akaongezwa damu. Sasa anakimbiza kuku wangu. Stoo yangu ingempa nini? Chokaa na magunia.

Kibao kinafunika pipa la maji, maandishi yameangalia chini. Mambo ya vyeo na leseni bado yananichanganya, sitadanganya mtu. Ila nimetangaza kanisani kwamba mimi ni Mama Tabibu. Nikichelewa kuitika, niiteni mara ya pili, sijazoea.

Asanteni mliofanya naye kazi. Nawe mwanangu, upumzike vizuri, ule ndizi za kwenu, unenepe kidogo. Na akija mgonjwa, kanga ipo nyuma ya mlango.