Mnunuzi Aliyetabasamu

Mheshimiwa mwakilishi wetu wa wadi, mwenyekiti wa chama cha wafanyabiashara wadogo hapa Amalemba, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wanafunzi wenzangu wa Mwalimu Navalayo: asalaam aleikum, na mulembe kwenu nyote.

Mimi ni Zainabu wa Shianda, mwokaji wa mkate wa viazi vitamu. Nimeombwa nimuage mwalimu wetu anayestaafu leo.

Mnakumbuka jinsi alivyotufundisha kunadi bidhaa zetu. Alikaa mbele yako akijifanya mnunuzi, akapiga miayo, akapokea simu ukiwa katikati ya sentensi yako nzuri kuliko zote, kisha akauliza, "Kwani wewe una nini ambacho wengine hawana?" Nani kati yetu hakutoka ukumbini humu machozi yakimlengalenga? Lakini tulitoka tumekomaa, au ndivyo nilivyodhani.

Siku yangu ilipofika, nilikwenda kumwona Bwana Wanjala, msimamizi wa chakula katika shule moja ya bweni. Adhiambo, mwenzangu wa kukanda unga, alikuwa ameacha kazi ya hoteli kwa kuniamini mimi, na mteja mkubwa hatukuwa naye hata mmoja. Niliingia nimejikaza kama mtu anayekwenda kugombana. Bwana Wanjala akasimama, akanivutia kiti, akatabasamu.

"Karibu, mama. Utakunywa chai kwanza?"

Ndugu zangu, nilikuwa na jibu la dharau na jibu la bei. La tabasamu sikuwa nalo. Yeye akangoja kwa upole, na upole ule ndio uliozidi kunimaliza. Nikamwona Adhiambo akilini mwangu, akirudi kuomba kazi alikotoka. Mwishowe, kwa kukosa la kusema, nikauliza, "Mkate mnaonunua sasa unawasumbua wapi?"

Akaweka kikombe chini. "Jumatatu," akasema. "Unakujanga mgumu. Watoto wanaulowekanga kwenye chai ndiyo uliwe. Nimelalamika nikachoka."

"Sisi tunaweza kuoka Jumapili jioni," nikasema. "Uonje wewe kwanza. Usipokuridhisha, tutaurudisha wote."

"Basi leteni wa Jumatatu. Siku zingine tutaona."

Hadi leo tunampelekea, Jumatatu na siku zote za masomo.

Nilikuja moja kwa moja kumweleza mwalimu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema polepole, "Uliuliza? Hilo sikukufundisha, Zainabu." Wiki iliyofuata alisimama mbele ya darasa zima, akatuagiza tuanze na swali, na akataja alikolitoa. Ni walimu wangapi mnaowajua wangefanya hivyo?

Mheshimiwa, kesho mimi na Adhiambo tunakwenda kunadi mkate wetu mbele ya maafisa wa ununuzi wa duka kubwa la hapa mjini. Naogopa, sitawaficha. Juzi nilimwambia mwalimu hivyo, nikitumaini atanituliza. Akaniambia, "Hata mimi naogopanga. Miaka hii yote, kabla niingie darasani, nasimama kwanza nje ya mlango nikipumua."

Hatukujua, Mwalimu. Tulikuwa ndani, tukikuogopa wewe.

Nenda ukapumzike. Kuanzia kesho, tutakaosimama nje ya milango ni sisi, na tutaingia.

Nawashukuru nyote kwa utulivu wenu na kwa kunisikiliza. Asanteni sana.