Levison Sande, Aliyezaliwa Makaburini Mbangu

Marehemu Levison Sande alizaliwa tarehe 9 Februari 1974, hapa hapa makaburini Mbangu, wilaya ya Nsanje, mtoto wa nne wa Bwana Tenisoni Sande na Bi Malita. Mto Shire ulikuwa umefurika na pakavu palikuwa hapa tu. Dada yake Enifa, anayewasomea wasifu huu, alikuwa na miaka kumi na tano. Alimvusha mama kwenye uwanja ambao leo una shule, maji yakimfika kifuani. Maji yalipopungua, wazee walimsimanga mama kwa kuingia makaburini. Hakuna aliyemwambia angezalia wapi.

Alianza shule ya msingi 1981, akamaliza sekondari 1993, akaenda chuo cha ualimu Blantyre. Alifundisha jiografia miaka ishirini na moja. Mwaka 2001 alimwoa Estere Bwanali wa Chikwawa, na hakuwahi kumpandishia sauti.

Mwaka 2021 ofisi moja ya mradi ilimwajiri atengeneze mchezo wa kwenye simu, wa kuwafundisha watoto mabadiliko ya tabianchi. Mchezaji anapanda miti, mvua zinaharibika, mto unajaa, anakimbia. Kabla ya kuutoa alimletea dada yake aujaribu.

“Umekufa tena, dada,” alimwambia mara ya tatu, akicheka. “Si ukimbilie shuleni? Ndiko kwenye pointi.”

“Pointi zako zitaogelea. Pale nilisimama na maji kifuani, wewe ukiwa tumboni. Nipeleke makaburini.”

Levison aliacha kucheka. Alikwenda kupima siku mbili, akakuta makaburi yako juu ya shule kwa mita nne. Akachora upya. Chifu akakataa: watoto hawaingii makaburini, hata kwenye simu. Ofisini wakamjibu kwamba wataalamu wameshapitisha ule wa kwanza, na mmoja akauliza, “Huyo dada yako kasoma mpaka darasa la ngapi?” La nane. Anawaona ninyi wa ofisini mmekaa pale mbele, kwenye viti alivyoviazima yeye.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2024. Alifariki tarehe 6 Novemba, saa nane mchana, katika hospitali ya wilaya. Neno lake la mwisho kwa mkewe lilikuwa, “Wamebadilisha?” Estere akamwambia bado. Katika nyumba ile hawakuzoea kudanganyana.

Ameacha mjane, watoto watatu, Tadala, Yankho na Fanizo, na dada yake. Ameacha pia watoto mia nne wa shule ya Mbangu, ambao hadi leo asubuhi simu zinawafundisha kukimbilia majini.

Mvua ziko karibu. Watoto wameachwa nyumbani, kama desturi inavyotaka, lakini ninyi mmeingia wote, na chifu ameingia, na mnapumua. Geukeni mlione paa la shule lilivyo chini yenu. Kisha rudini mkawaambie watoto njia.

Pumzika kwa amani, Levison. Watoto wakikimbilia hapa, wasogezee nafasi.