Fundi Kesho na Benchi Lililovunja Ukuta

Ndugu waombolezaji, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza, ambaye wateja walimwita Fundi Kesho na hakuna hapa asiyejua kwa nini, alizaliwa tarehe 9 Mei 1947, chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, mtoto wa nne kati ya saba, na mkunga alisema alichelewa hata kuzaliwa.

Alianza shule mwaka 1955, akaishia darasa la nne, maana madawati alipenda kuyatengeneza kuliko kuyakalia, akajifunza useremala kwa baba yake na kurithi karakana mwaka 1968. Tarehe 12 Agosti 1972 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliyekuja kudai kabati lake akaondoka na mchumba, na kabati lenyewe akalipata baada ya mtoto wa pili. Walijaliwa watoto watatu, wote wako hapa, na mdomo wa mama yao wameurithi sawasawa.

Mwaka 1994 zahanati ilimwagiza benchi refu la wagonjwa, akaliunda ndani ya karakana, kazi safi kabisa, na alipolimaliza ndipo akagundua kwamba ujia wa kutokea barabarani una kona na benchi halina, mkewe akamwambia, "Basi waite wagonjwa waje wakae humu humu." Kulikata hakutaka, akavunja ukuta wa nyuma, na wakati huo zahanati, iliyochoka kuambiwa kesho, ilikuwa imeshanunua viti vya plastiki.

Nyuma ya ukuta huo palikuwa na kiwanja cha soko lililobomolewa, katikati ya mji, ambapo kila mtu alitupa taka kisha akalaumu wenzake. Marehemu alikaa kwenye benchi lake, akaziba pua, akasema kwa mara ya kwanza maishani mwake, "Naanza leo." Alizoa taka na mkewe, hapo kinyozi na muuza magazeti wa jirani wakaona haya kukodoa macho tu, wakaleta makoleo, ikapandwa miti, ikaja taa, ikaja drafti, na umbea ukapata makao.

Mwaka 1999 mwenye duka la matairi alikiomba kiwanja aegeshe malori, na halmashauri ikamtuma bwana ardhi aje aone kama kweli kina watu. Marehemu aligonga milango yote tangu alfajiri, bwana ardhi akakuta benchi limejaa, bibi mmoja akasema, "Sogeeni jamani, mwanangu akae, amesimama kama mlingoti," bwana ardhi akakaa, akafungwa drafti mpaka jioni, na kiwanja kikabaki cha watu. Mwenye matairi alinuna wiki nzima, kisha akaja na mto wake wa kukalia.

Oktoba 2022 mapafu yalianza kumsumbua, kitanda kikahamishiwa karakana, kikielekezwa kwenye ukuta uliovunjwa, na hofu yake ilikuwa moja, kwamba akilala yeye taka zitarudi, hivyo kila asubuhi aliuliza, "Kuna mtu benchini?" Tarehe 3 Februari 2024 aliuliza tena, mkewe akachungulia, akamjibu, "Wamejaa, hata wewe huna nafasi," marehemu akacheka, akafumba macho, hakuamka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na mwenye matairi kwa usafiri wa leo. Nafasi yake benchini msiiache wazi kwa heshima, heshima ya namna hiyo ingemuudhi, kaeni.

Pumzika kwa amani, Fundi, watu wamejaa.