Duma kwenye Simu ya Bibi

Kwenye kiti cha mbele yangu, ndani ya basi, bibi mmoja alikuwa amempakata mjukuu wake wa kike ambaye hajafika hata umri wa kwenda shule. Wote wawili walikuwa wameinamia simu, wakitazama video ya duma akimfukuza swala.

Mwanamume aliyekaa kando yao akashindwa kuvumilia. "Shikamoo mama. Samahani, lakini hiyo si ya kumwonyesha mtoto mdogo."

"Marahaba baba. Kwani wewe unafanya kazi gani?"

Akakohoa kidogo. "Nina bucha."

Sote tuliokuwa karibu tukageukia madirishani ghafla.

"Mimi simfukuzi mtu, mama," akajitetea. "Nyama naletewa imeshachinjwa. Mtafutie paka wanaoogeshwa, hizo ndizo video za watoto."

"Paka analia, watu wanacheka, ndiyo mafunzo hayo? Duma angalau ana njaa."

Swala akachepuka, akaingia kichakani, akapotea. Mtoto akaangua kilio.

"Si nilisema?" Mwenye bucha alitamba kama aliyeshinda kesi. Kisha akamwinamia mtoto kwa huruma. "Nyamaza, mwanangu. Swala amepona, hajaliwa."

"Ndiyo!" mtoto akajibu kwa kwikwi. "Sasa watoto wa duma watakula nini?"

Bibi akamtazama mwenye bucha, mwenye bucha akamtazama bibi, kila mmoja akimwachia mwenzake zamu ya kujibu. Basi likasimama kituoni kwangu. Nikashuka haraka, mtoto asije akaniuliza mimi.