Dau la Msamaha

Katika basi liendalo uwanjani, Cincinnati, Verlin alijifanya amesinzia apate kusikiliza vizuri. Alikuwa mwamuzi mstaafu wa besiboli ya watoto, aliyewahi kumtoa nje hata mjukuu wake. Mbele yake, mama mwenye kofia nyekundu alibishana na mzee asiyemjua.

"Nyota wetu Lonnie Brandt kafungiwa besiboli miaka thelathini sasa, mzee wangu. Msamehe."

"Aliweka dau kwenye mechi za timu yake mwenyewe, mama. Asirudi hata kukata tiketi."

"Basi tuwekeane dau. Tukishinda leo, unamsamehe."

Mzee akakuna kidevu. "Kwa sahani ya tambi za chili, zile za mchuzi wa nyama?"

"Na mlima wa jibini juu yake."

Watu hawana haya, Verlin akawaza, kisha akasikia sauti yake mwenyewe: "Na mimi nimo. Naweka dau tunafungwa leo."

Wote wawili wakageuka, wakamtazama kana kwamba yeye ndiye Lonnie Brandt. Basi likasimama.